Mashine ya Mawese na Mgongo wa Mfanyakazi

Hapa Rumonge mawese yanasifiwa na kila mtu. Mgongo wa anayeyakamua hauulizwi.

Sisi tunaosukuma mashine ya mkono tunajua habari yake. Mpini ukikaa juu ya mabega, mabega yanauma. Ukikaa chini ya kiuno, tunainama kutwa. Mahali pake ni kati ya kiuno na kifua. Tena usiwe mfupi: mpini wa mita 2 unataka nusu tu ya nguvu ya ule wa mita 1, ingawa mzunguko unakuwa mrefu. Kazi hiyo fundi wa kuchomea vyuma anaiweza, haihitaji mtaalamu kutoka Bujumbura.

Mashine ya dizeli ina maudhi mengine. Ikifungwa juu ya chuma kitupu, mtetemo unapanda hadi vidoleni, mkono unakufa ganzi. Vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu yake vinasaidia, mradi boliti zikazwe. Moshi utolewe nje ya banda kwa bomba. Na ikiwa lazima umpigie ukelele mwenzako aliye hatua moja tu, masikio yako yanaharibika, nayo hayaponi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 148 juu ya hewa, kelele na mtetemo kazini tangu 1977.

Lakini tunapolipwa kwa pipa, nani atapumzika? Kwa hiyo tunadai zamu za kupokezana mpini, na mapumziko yasikatwe katika malipo. Dai hilo tunalipeleka kwa wenye mashine kabla ya mavuno makubwa.