Neno Kanisa na Nyumba Yake

Neno kanisa lina maana mbili kwetu: nyumba ya sala, na jamii ya waamini. Lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho kililitwaa katika Kiaramu, ambamo asili yake ni kukusanyika. Warundi husema ekeleziya, neno la Kiyunani, maana yake mkutano wa watu walioitwa. Basi maneno hayo yote mawili yalianza kwa watu, kisha yakaitwa nyumba. Jambo hili lamhusu sana yeye ajengaye.

Wamisionari wa kwanza walifuata desturi ya Ulaya: nyumba ndefu, altare ukutani, padre na watu wakielekea upande mmoja. Tusiidharau desturi hiyo, maana ilifundisha ya kuwa sala ni safari ya wote pamoja. Lakini aliyeketi nyuma hakusikia vema. Alishika rozari yake, akangoja kengele. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka makanisa mapya yawafae waamini kushiriki ibada. Maagizo ya tarehe 26 Septemba 1964 yakaongeza kwamba altare itengwe na ukuta, ipate kuzungukwa, na padre aweze kuwaelekea watu. Ndiyo sababu twaona siku hizi nyumba pana, na viti vimepangwa nusu duara.

Je, maskini atafanyaje? Tutazame Mtabila, katika Kasulu, nchi ya Waha, ambao Kiha chao chasikilizana na Kirundi. Hapo wakimbizi wa Burundi, wengi wao Wakatoliki, walikaa miaka mingi. Mkimbizi hujenga kwa udongo na miti, na urefu wa mti ndio mpaka wa upana wa nyumba. Paa pana lataka vyuma. Hivyo nyumba huwa nyembamba, hata asipotaka. Vigango vyetu vingi vina shida iyo hiyo.

Shauri letu ni hili: altare isiwekwe kwenye ncha ya nyumba, bali katikati ya ukuta mrefu, watu waizunguke pande tatu. Miti ni ile ile, gharama ni ile ile, lakini hakuna aliye mbali. Tena wachezao wakati wa kutoa vipaji wapewe nafasi. Hatari iko moja: watu wakitazamana mno, Misa yaweza kufanana na baraza. Kwa hiyo altare iinuliwe kidogo, na Tabernakulo iwe mahali pa heshima na kimya.

Mwisho wa mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilifungwa, na watu zaidi ya 30,000 wakarudishwa kwao. Nyumba za udongo zilibaki. Kanisa lilipanda magari, likavuka mpaka. Mwaka 2015 wakimbizi wengine walikuja, wakapokewa Nyarugusu na Nduta. Mwalimu atakayepima msingi wa kigango na aanze kwa kuwaketisha watu wake chini ya mti, aone wanavyokaa wakisikiliza. Kisha ndipo achukue kamba.