Je, Wajua? Kuku hamfuati mwenye banda, hufuata mwanga

Bujumbura iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama nyuma ya milima ya Kongo kati ya saa 12 kasoro na saa 12 na nusu jioni. Kuku wa uani Buyenzi au Kamenge hahitaji saa kujua wakati wa kurudi bandani. Ndani kabisa ya ubongo wake mna seli zinazohisi mwanga unaopenya fuvu, hata bila msaada wa macho. Macho yenyewe ni hodari mchana, yanaona hata miali ya urujuanimno tusiyoiona sisi, lakini giza likiingia hayafai kitu.

Basi kwa nini wengine hulala juu ya mwembe badala ya bandani? Mababu zao, kuku-mwitu wa misitu ya Asia, walilala mitini, na silika hiyo haijafa. Banda lisilo na fito za kutulia juu halimvutii. Kuku mgeni naye mfungie ndani siku kadhaa, hadi wiki, alizoee kama kwake. Pumba au mahindi kidogo ya jioni, yamwagwe bandani na si uani, husaidia kuliko kumkimbiza kwa ufagio (mchezo ambao kuku hushinda kila mara).

Angalia pia taa ya ukutani: ikiangaza ua, kuku huona bado mchana. Ila banda likiwa na utitiri, atalikwepa hata ukimwekea mahindi ya gunia zima.