Bima Iliyofichwa Ndani ya Mkopo: Unaijuaje, na Unaidai Vipi?

Umeomba mkopo wa KSh 80,000. Simu inalia, ujumbe unaingia: umepokea KSh 76,400. Unauliza, "Na hizo 3,600 zimeenda wapi?" Unajibiwa, "Ni makato ya kawaida." Basi unanyamaza, kwa sababu pesa unaihitaji leo na mzigo unakungoja Marikiti.

Leo tunayafungua hayo "makato ya kawaida". Mara nyingi ndani yake kuna ada ya kushughulikia mkopo, na kuna bima. Ada watu wengi wanaijua. Bima ndiyo inayopita kimyakimya, na huenda ulilipia kitu ambacho hukukiomba, au ambacho hakingekusaidia hata siku moja. Na kuna jambo la pili ambalo hutokea sana: bima ipo, imelipiwa, inafaa, lakini familia haijui, kwa hivyo haidai.

Bima ya mkopo ni kitu gani?

Ni bima inayolipa deni lako likitokea jambo lililoandikwa kwenye mkataba. Ya kawaida zaidi hapa Kenya ni ya kifo au ulemavu wa kudumu: mkopaji akifariki, kampuni ya bima inamlipa mkopeshaji salio. Nyingine huongeza kupoteza kazi au ugonjwa mkubwa.

Yenyewe si kitu kibaya. Inawakinga watoto, mwenzako na wadhamini wako wasibebe deni. Tatizo ni namna inavyouzwa. Bima imeuzwa vibaya ikiwa:

• Hukuambiwa kwamba ipo, ukaja kuona makato tu.
• Uliambiwa ni lazima, kumbe ni hiari.
• Ilikuwa ya lazima kweli, lakini ulinyimwa nafasi ya kuleta bima yako mwenyewe.
• Haikufai kabisa. Dereva wa tuktuk au mama wa mahamri Kibokoni hana barua ya kuajiriwa. Ukimuuzia bima ya "kufutwa kazi", siku ya kudai ataombwa barua ya mwajiri, na hana.
• Ulitozwa tena kwa kipindi ambacho tayari ulikuwa umelipia.

Kwa ndugu zetu Waislamu, wengi wao hapa Mji wa Kale, kuna uzito mwingine. Wapo wasiotaka bima ya kawaida kwa sababu ya dini, na Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu 2011. Mtu akikatiwa bima bila kuulizwa, ameondolewa uamuzi ambao kwake si wa pesa peke yake.

Uingereza walirudishiwa mabilioni

Kisa kikubwa zaidi cha aina hii duniani kilitokea Uingereza. Kwa miaka mingi benki za huko ziliuza bima ya kulinda malipo ya mkopo, iliyojulikana kwa herufi PPI. Iliuzwa hata kwa waliojiajiri na waliostaafu, watu ambao wengi wao wasingeweza kuidai. Wengine hawakujua kama wanayo.

Mwaka 2011 benki zilishindwa mahakamani zilipopinga masharti ya kuwarudishia wateja. Mwaka 2014, katika kesi ya Plevin dhidi ya Paragon, Mahakama ya Juu ya huko iliangalia mkopo ambao zaidi ya asilimia 70 ya pesa ya bima ilikuwa kamisheni, na mteja hakuambiwa. Mahakama ikaona kumficha mteja jambo hilo si haki. Siku ya mwisho ya kupeleka madai ilikuwa 29 Agosti 2019, na kufikia mwisho wa mwaka huo wateja walikuwa wamelipwa zaidi ya pauni bilioni 38.

Kenya haina mpango wa pamoja kama huo. Hakuna fomu moja ya nchi nzima unayojaza ukarudishiwa. Kwa hivyo mtu akikupigia simu akisema "serikali inarudisha pesa za bima za mikopo, tuma 500 ya usajili", huyo ni tapeli. Lakini sheria za kukulinda zipo, na unaweza kudai wewe mwenyewe.

Sheria iko upande wako wapi?

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu huduma anayonunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara.

Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 56, inataja wazi benki, mikopo midogo na bima: hairuhusiwi kukutoza ada ambayo hukujulishwa kabla. Una haki ya kuambiwa gharama zote, ziitwe kwa jina lolote lile. Hata zikiitwa "makato ya kawaida".

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema mkopeshaji akitaka uwe na bima, unaweza kuinunua kwa kampuni yoyote iliyoruhusiwa kisheria. Anaweza kuikataa kampuni uliyoichagua ikiwa tu ana sababu ya maana. Sheria hiyo pia inakuruhusu kuvunja mkataba uliopatikana kwa maelezo ya uongo, lakini ilani uitoe ndani ya mwaka mmoja. Usikae sana.

Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 ziliweka programu za mikopo chini ya leseni ya Benki Kuu, na nazo zinatakiwa kukuonyesha masharti na gharama kabla hujakubali.

Tupige hesabu kidogo

Huu ni mfano tu. Fundi cherehani wa Biashara Street anachukua KSh 80,000 kwa miezi 12. Anakatwa ada ya asilimia 3, yaani 2,400, na bima ya asilimia 1.5, yaani 1,200. Anapokea 76,400, lakini riba inahesabiwa juu ya 80,000 nzima. Maana yake analipa riba hata kwa zile 1,200 za bima ambazo hakuzishika.

Baada ya miezi sita anaongeza mkopo. Mkopo mpya wa 80,000 unafunga ule wa zamani, na anakatwa bima nyingine ya 1,200. Lakini bima ya kwanza ilikuwa ya miezi 12! Miezi sita ilikuwa bado haijatumika, sawa na KSh 600.

Akifanya hivyo kila baada ya miezi sita kwa miaka mitatu, anakuwa amechukua mikopo sita na kulipa bima KSh 7,200. Amelipia miezi 72 na kutumia 36. Hapo kuna 3,600 za kuulizia. Kiasi kitakachorudi kinategemea masharti ya bima yenyewe, lakini usipouliza hakuna atakayekuletea.

Hatua za kudai

1. Kusanya karatasi. Tafuta mkataba, ratiba ya malipo na ujumbe wote wa simu. Angalia jambo moja kwenye stetimenti yako ya kwetu: inaonyesha pesa iliyoingia, haionyeshi makato yaliyofanywa kabla haijafika kwetu. Kwa hivyo linganisha kiasi cha mkopo kwenye mkataba na kiasi kilichoingia. Tofauti ndiyo unayoiulizia.

2. Omba mchanganuo na cheti cha bima. Mkopeshaji akuambie: bima ni ya kampuni gani, inalipia nini, ya muda gani, ilikuwa lazima au hiari, na wapi ulikubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kuona habari zako wanazoziweka.

3. Andika malalamiko. Usiishie kwa mdomo kwenye kaunta. Unaweza kuandika hivi:

"Mimi ni mteja wenu, nambari ya mkopo ni ______. Tarehe ______ nilikatwa KSh ______ za bima. Sikuelezwa kuhusu bima hii kabla ya kukubali mkopo (au: niliambiwa ni lazima / hainifai kwa sababu nimejiajiri / nilikuwa bado na bima ya mkopo uliopita). Naomba nakala ya cheti cha bima, mahali nilipotia sahihi, na kurudishiwa KSh ______. Naomba jibu kwa maandishi."

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri ubaki nayo. Ukituma kwa barua pepe au ndani ya programu, piga picha ya skrini.

4. Wakikunyamazia, panda juu. Benki, benki ya mikopo midogo au programu ya mikopo: lalamika Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi hapa kisiwani, Nkrumah Road. Sacco inayopokea akiba: SASRA. Kampuni ya bima yenyewe au ajenti wake: Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Ada iliyofichwa au maelezo ya uongo: Mamlaka ya Ushindani. Ambatisha ile nakala yenye muhuri, kwani utaulizwa kama ulianza kwa mkopeshaji.

5. Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Mombasa ipo. Madai ya mkataba kwa kawaida yana muda wa miaka sita, kwa hivyo hata mkopo uliokwisha unaweza kuwa bado hai kwa upande huu.

Wakati unadai, endelea kulipa mkopo. Ukisimamisha malipo kwa hasira, jina lako litapelekwa CRB na utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Mkopaji akifariki

Hapa ndipo pesa nyingi zaidi hupotea, na hakuna anayepiga kelele. Mzee amefariki, matanga yanaendelea, na ujumbe wa deni unaingia kwenye simu yake. Watoto wanajua deni la marehemu ni jambo zito. Wanachanga wanalipa haraka ili mzee apumzike. Hakuna anayeuliza kama mkopo ulikuwa na bima.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, muulizeni mkopeshaji kwa maandishi: "Mkopo huu ulikuwa na bima ya kifo?" Kama jibu ni ndiyo, ombeni fomu ya madai, mpeleke cheti cha kifo na nakala ya kitambulisho. Fanyeni mapema, kwa sababu mikataba mingi ina muda wa kutoa taarifa. Kama mlishalipa, bado ulizeni: bima ikilipa deni ambalo familia ilishalilipa, familia ina sababu nzuri ya kudai pesa yake.

Na wewe uliye hai na una mkopo leo, mwambie mtu mmoja nyumbani: mkopo uko wapi, na una bima au hauna.

Kabla ya mkopo ujao

Maswali matatu yanatosha. Uliza bila aibu, hata kama foleni ni ndefu:

"Dada, hapa pameandikwa bima. Ni lazima ama ni hiari?"
"Ikiwa ni lazima, naweza kuleta yangu?"
"Nikimaliza mkopo mapema, hiyo iliyobaki inarudi?"

Kama mkopo ni wa kwenye simu, usibonyeze "Nakubali" kabla ya kufungua ukurasa wa masharti. Angalia kama kuna kisanduku cha bima ambacho tayari kimewekwa alama. Kama bima ni hiari na huitaki, itoe alama.

Jihadhari na "wasaidizi"

Hata Uingereza, kampuni za kudai kwa niaba ya wateja zilikuwa zikichukua sehemu kubwa ya pesa mpaka sheria ya 2018 ikaziwekea kikomo. Hapa kwetu kuandika barua ni bure, na kulalamika kwa wasimamizi ni bure. Huhitaji kumlipa mtu "afuatilie". Na sisi hatutakupigia simu kukuambia una pesa ya bima inayokungoja, wala hatutakuomba PIN yako kwa sababu yoyote.

Basi leo usiku, kabla hujalala, fungua ujumbe wa mkopo wako wa mwisho. Toa kiasi kilichoingia kutoka kwa kiasi kilicho kwenye mkataba. Ukipata tofauti usiyoweza kuieleza, hatua ya pili hapo juu inakungoja kesho asubuhi.