Taharuki na Haki ya Msomaji katika Riwaya ya Kiswahili

1. Utangulizi

Mara nyingi mazungumzo juu ya riwaya ya Kiswahili huishia kwenye maudhui: mtunzi amefundisha nini, amekemea nini, amemtetea nani. Swali jingine huachwa nyuma, ingawa kwa msomaji ndilo la kwanza: kwa nini kitabu kimoja hakiwekwi chini mpaka kiishe, na kingine, chenye mafunzo mema yale yale, hufungwa kwenye ukurasa wa kumi? Makala haya yanakusudia kueleza sehemu moja ya jibu, yaani taharuki. Taharuki haizaliwi na wingi wa matukio wala ukali wa vitisho. Huzaliwa na jinsi mtunzi anavyogawa maarifa: nani anajua nini, na anakijua lini.

2. Hadhira iliyopo na hadhira isiyoonekana

Msanii wa jukwaani ana hadhira mbele ya macho yake. Waigizaji wa kundi la Mufwankolo, lililopata sifa Lubumbashi kwa michezo yake ya Kiswahili, hawakufungwa na maneno yaliyoandikwa kabla. Msanii wa namna hiyo huweza kurefusha tukio linalopendeza na kukatisha linalochosha. Mtunzi wa riwaya hana kicheko wala miayo ya kumwongoza. Hana budi kukisia mapema swali litakaloamka moyoni mwa msomaji, kisha kuamua ni kurasa ngapi litakaa bila jibu.

3. Kusadikika: swali ndani ya swali

Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamweka Karama kizimbani. Waziri Majivuno anamshtaki kwa kueneza elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kitabu kimejaa mawaidha, na kingeweza kuwa hotuba ndefu tu. Kinachokiokoa ni muundo wake. Msomaji anabeba maswali mawili kwa wakati mmoja: mjumbe huyu atapatwa na nini, na Karama atahukumiwaje? Kila kisa kinapokwisha, swali dogo hupata jibu, lakini lile kubwa huzidi kuwa zito, kwa kuwa wajumbe waliorudi na faida kwa nchi yao walitiwa kifungoni. Hivyo mawaidha yenyewe yanakuwa silaha ya mtu aliye hatarini, na msomaji huyasikiliza kwa sababu hiyo.

4. Mzimu wa Watu wa Kale: kuficha bila kudanganya

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alifuata njia nyingine katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata ushindi katika mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali inaonekana mahali panapoogopwa, na hofu ya mzimu inawapa watu jibu la haraka. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, halipokei jibu hilo. Anatazama, anauliza, ananyamaza. Rafiki yake Najum anaona mengi anayoyaona yeye, lakini hajui maana yake. Na ujinga wa Najum ndio ujinga wa msomaji.

Hapa ndipo ilipo haki ya msomaji. Mtunzi ana ruhusa ya kuficha maana ya dalili, lakini hana ruhusa ya kuificha dalili yenyewe. Msomaji akifika mwisho na kusema, “Nililiona hili, nikalipita,” ameridhika. Akisema, “Hili sikuambiwa,” ameibiwa.

5. Pale msomaji anapojua zaidi

Si lazima kila mara msomaji afichwe. Mwandishi anayeanza huweza kuandika: “Ilunga alikuwa mwizi, aliiba pesa za masomo ya mdogo wake, na wizi ni mbaya.” Sentensi hii imeuliza, imejibu na imehukumu kwa pumzi moja, hakuna kilichobaki cha kusoma. Lakini aonyeshe kwanza Ilunga akizitia mfukoni zile noti. Kisha mama azihesabu zilizobaki mara tatu, amwite Ilunga huyo huyo na kumwambia: “Mwanangu, wewe ndiye ninayekuamini. Nisaidie kutafuta.” Msomaji anajua, mama hajui. Ilunga anainama kutafuta chini ya godoro, na ubaya wa wizi umeeleweka bila kutajwa.

6. Hitimisho

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Kongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mwanafunzi aliyefika chuo kikuu amezoea kusoma kwa Kifaransa. Riwaya ya Kiswahili ikimchosha, riwaya ya Kifaransa imo katika mfuko huo huo. Kupenda lugha ya nyumbani kutamfanya akifungue kitabu, lakini hakutamfikisha ukurasa wa mwisho. Kumfikisha huko ni kazi ya mtunzi, naye aanze kwa kujiuliza mwishoni mwa kila sura: msomaji anataka kujua nini sasa, na je, nimempa sababu ya kungoja?