Kilwa Kisiwani Ndani ya Mchezo wa Kompyuta

Mtanisamehe nikianza kwa kuungama kosa. Katika jaribio la Historia la muhula uliopita tuliulizwa tueleze sababu za kukua kwa Kilwa. Mimi niliandika, kwa mwandiko mzuri na bila wasiwasi wowote, kwamba Kilwa Kisiwani lilikuwa jumba moja kubwa la mawe lililojengwa mahali tambarare kando ya bahari, na kwamba faida yake ilikuwa kumpatia mwenyewe wajumbe 3. Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya hao wajumbe 3, kisha akaniita ofisini. Akaniuliza, "Haya umeyasoma katika kitabu gani?" Sikuwa na kitabu. Nalikuwa nimeyapata katika mchezo wa kompyuta wakati wa likizo, nyumbani kwa mjomba wangu mjini Geita, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia nitafute ukweli ulio ndani ya mchezo ule na uongo ulio ndani yake, kisha niuandikie gazeti letu. Ndiyo sababu mnaniona hapa.

Mchezo wenyewe huitwa Civilization VI, nao ulitolewa mwaka 2016. Wazazi wanaodhani kila mchezo wa kompyuta ni mpira au bunduki watashangaa, maana huu wafanana zaidi na bao: mtu hukaa, hufikiri, hucheza zamu yake, kisha humngoja mwenzake. Mchezaji hupewa taifa tangu enzi za mawe, naye hulikuza mpaka enzi za kurusha vyombo angani. Nchi yote imegawanywa vipande vyenye pembe sita, kama sega la nyuki. Katika vipande hivyo hujengwa mashamba, migodi na miji, na kwa mwenye uwezo, Maajabu ya Dunia. Kila Ajabu hujengwa na mchezaji mmoja tu. Mwenzako akikutangulia, wewe huwezi tena kulijenga. Piramidi za Misri zimo, na Mnara wa Eiffel umo. Mwezi wa Februari 1918 haukuwa na habari hizi, lakini Februari 2018 ilitoka nyongeza ya mchezo ule, na ndani yake likaingizwa Ajabu jipya: Kilwa Kisiwani.

Nakumbuka siku nilipoimaliza kuijenga. Kila Ajabu likikamilika huoneshwa sinema fupi, jua likichomoza na kuchwa upesi upesi huku kuta zikipanda. Nilipiga kelele hata mjomba akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme. Nalikuwa nacheza kama mfalme wa Brazili. Hapo pana jambo la kuchekesha: hakuna awezaye kucheza kama Sultani wa Kilwa, kwa sababu taifa la Waswahili halimo katika orodha, lakini Mbrazili au Mswidi aweza kuijenga Kilwa kwao.

Sasa nieleze wale wajumbe walionigharimu alama. Katika mchezo huu, mbali na mataifa makubwa, kuna miji midogo inayojitawala. Mchezaji huipelekea wajumbe, na aliyepeleka wengi kuliko wengine, wasiopungua 3, huwa mlinzi wake na kupata faida zake. Anayejenga Kilwa hupewa wajumbe 3 mara moja, na mji wenye jengo hilo hupata nyongeza ya asilimia 15 kwa kadiri ya aina ya miji anayoilinda: ukiwa mlinzi wa mji wa biashara huongezewa dhahabu, ukiwa mlinzi wa mji wa elimu huongezewa elimu.

Nilipomwonesha Mwalimu jambo hili alikubali kwamba waliotunga mchezo hawakubahatisha. Kilwa haikuwa dola la majeshi makubwa. Nguvu yake ilikuwa katika kujuana na kupatana na watu wa mbali: Sofala kusini, Mafia karibu yake, wafanyabiashara wa Arabuni, Uajemi na Bara Hindi ng'ambo ya bahari. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika huko mwaka 1331, aliusifu sana uzuri wa mji ule. Basi kwa wajumbe wale mchezo unasema kweli, ijapokuwa katika karatasi ya jaribio nilisema kijinga.

Walakini mengine yamekosewa, na kosa la kwanza ni lile nililolibeba mimi hadi darasani. Kilwa haikuwa jumba moja. Ulikuwa mji mzima wenye nyumba za mawe ya matumbawe, makaburi, visima, na Msikiti Mkuu ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa sana katika karne ya 14. Nje kidogo ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, lilisimama kasri la Husuni Kubwa, ambalo husemwa kuwa lilijengwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Na jambo linalonipendeza kuliko yote ni kwamba wachimbuaji wa mambo ya kale wanaamini kasri hilo halikumalizwa kamwe. Katika mchezo Kilwa hukamilika kwa shangwe. Kisiwani penyewe mafundi waliweka chini zana zao kabla ya mwisho.

Kosa la pili ni mahali. Mchezo hutaka uwanda ulio kando ya bahari, basi. Kama ingekuwa hivyo tu, pwani yetu yote ingejaa Kilwa. Siri ilikuwa pepo. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo nahodha aliweza kuimaliza na kurudi kwao katika mzunguko mmoja wa pepo hizo. Sofala, mahali palipopatikana dhahabu, palikuwa mbali mno kusini. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliileta dhahabu hadi kwao, na wageni wakaikuta hapo. Sisi wa bara hatujui tanga wala nanga, lakini tunaelewa maana ya kuwa mtu wa kati baina ya mwenye mali na mnunuzi. Tunawaona kila siku.

Na hapo ndipo penye kosa la tatu, ambalo mtoto wa Geita hawezi kulinyamazia. Dhahabu ya Kilwa ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe. Katika mchezo Zimbabwe Kuu imo pia, nayo ni Ajabu la peke yake. Wenzangu Wasukuma walifurahi nilipowaambia sharti lake: haijengwi ila karibu na ng'ombe na soko! Jambo hilo si upuuzi, kwani watu wa Zimbabwe Kuu walikuwa wafugaji wakubwa. Lakini mchezo haukuziunganisha Zimbabwe na Kilwa hata kwa uzi. Mimi nilizijenga zote mbili, moja kaskazini ya nchi yangu na nyingine kusini, na hakuna hata punje moja ya dhahabu iliyotoka huku kwenda kule. Katika historia mmoja alikuwa mkono na mwingine kinywa. Sarafu ya shaba yenye jina la huyo Sultani al-Hasan imechimbuliwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya maili kutoka baharini.

Mambo mengine ya kwetu nitayapitia upesi. Mlima Kilimanjaro umo, nao huongeza chakula katika vipande vya ardhi vinavyouzunguka. Wachaga na migomba yao watakubali. Unguja ni mmojawapo wa ile miji midogo, na mlinzi wake hupata karafuu na mdalasini, vitu visivyopatikana kwa njia nyingine yoyote katika mchezo. Lakini karafuu hizo huwapo tangu enzi za kale kabisa, na sisi tumefundishwa kwamba mikarafuu ililetwa Unguja katika karne ya 19. Na wanakwaya wetu wajue kwamba wimbo wa "Baba Yetu", ambao ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa nne wa mfululizo huu, uliotoka 2005. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata katika nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta.

Sasa narudi Geita. Baba yangu ni mchimbaji mdogo. Jioni moja alikuja kwa mjomba kuchukua simu yake, akaketi nyuma yangu akitazama. Aliniuliza, "Mgodi ni upi hapo?" Nikamwonesha. Akauliza unachimbwaje. Nikamweleza kwamba kibarua hupelekwa mahali, hubonyezwa mara moja, na mgodi huwa tayari papo hapo. Kibarua huyo akishafanya kazi 3, hutoweka.

"Hutoweka kwenda wapi?" aliuliza baba.

Sikuwa na jibu. Wakati wa masika ya mwaka uliotangulia duara lao lilikuwa limetitia, na mmoja wa wenzake hakutoka. Baba hakusema neno jingine. Alichukua simu yake akaenda zake, nami nikazima kompyuta.

Swali lile ndilo nililompelekea Mwalimu mwishoni, pamoja na hayo mengine. Aliniambia kwamba dhahabu iliyoijenga Kilwa ilichimbwa na mababu wa Washona wa leo. Wengine waliichenjua katika mchanga wa mito, wengine walishuka katika mashimo membamba. Waliuchoma mwamba kwa moto, wakaumwagia maji ili upasuke, wakaupandisha juu, wakautwanga juu ya mawe na kuuosha. Katika baadhi ya mashimo hayo imekutwa mifupa ya watu waliofunikwa humo, na wanawake wamo. Walipoyafikia maji ya chini ya ardhi waliliacha shimo, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuyatoa.

Nilimwandikia baba hayo yote katika barua. Jibu lake lilikuja wiki mbili baadaye, pamoja na fedha ya sabuni. Alisema amewasomea wenzake barua yangu pale karashani, nao wamecheka sana kwa habari ya kutwanga na kuosha, maana wameona ni kazi yao ile ile. Kisha aliandika kwamba pampu yao imeharibika tangu mwezi uliopita, na maji yamejaa duarani.