Utani Usio na Uso: Kuhusu Taratibu za Makongamano Yetu

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini taratibu za heshima katika makongamano ya fasihi hazina budi kuandikwa, na ziandikweje. Wapo wanaosema, "Sisi watu wazima bwana, tunajuana." Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye hakuna anayethubutu kumgusa.

Nianze na kwetu Ruvuma. Mwambao wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, wanaume hucheza mganda na wanawake kioda. Mganda ni mtoto wa beni, ngoma iliyoiga gwaride la wanajeshi wa kikoloni. Ndiyo maana una vyeo, mavazi meupe na nidhamu kali. Kikundi kikialikwa kijiji kingine, wageni hupokewa na kulishwa. Kusemana katika nyimbo kupo, tena kwa ukali! Lakini anayekuimba unamwona, na zamu yako ikifika utamjibu. Utani wetu una uso na una zamu.

Sasa tumtazame Mzee Punch wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hayo yalikuwa maandishi na vibonzo vilivyobandikwa ukutani, waandishi wake wamejificha. Kifani, Punch ilikuwa fasihi: ilikuwa na kejeli, mhusika na hadhira kubwa kuliko ya riwaya nyingi tunazozihakiki humu. Ilitetewa kwa jina la utani. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alijiua baada ya kusumbuliwa kijinsia, usumbufu uliohusishwa na Punch hiyo. Mhakiki anayesifu kejeli bila kuuliza ni nani asiyeweza kuijibu, kwangu mimi hajahakiki.

Je, makongamano yana Punch? Yanayo, ila huku uso unaonekana na kinachokosekana ni zamu. Msomi mwenye jina anamwambia binti aliyetoka kuwasilisha makala, "Makala nzuri kama mwenyewe." Ukumbi unacheka. Binti amjibu nini, na huenda huyo ndiye atakayesahihisha tasnifu yake? Kwenye kioda angejibu. Hapa anakunja karatasi zake, anakaa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza bughudha ya kijinsia katika Kanuni ya Adhabu, na maneno nayo yamo. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unataja pia safari, mafunzo na hafla za kikazi. Kwa hiyo basi la kwendea Mbinga, meza ya chai na korido ya nyumba ya wageni vyote ni kongamano.

Tatizo ni jinsi tunavyoandika. "Washiriki waheshimiane" ni sentensi tamu isiyomgusa yeyote. Yatajwe matendo: kumshika mtu asiyetaka, kuusema mwili wa mwasilishaji, kumgongea mlango usiku, kuahidi alama au kuchapishiwa kwa malipo ya mwili. Ratiba itaje watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja awe mwanamke, na wote wasiwe chini ya mtuhumiwa kikazi. Mwenyekiti wa kikao apewe mamlaka ya kumkatiza msemaji papo hapo, hata kama msemaji ni profesa aliyemfundisha.