Kabla Hujatuma Ujumbe

Wanangu, sogeeni karibu. Leo sina Sungura wala Fisi. Ninawasimulia mambo yaliyotokea hapa kwetu Nakuru, na wengi walioyaona bado wapo. Waulizeni nyanya na babu zenu.

Tuanzie mbali kidogo. Karibu miaka 2000 iliyopita, Wakristo wa kwanza walikuwa wachache, wametawanyika katika miji mingi. Chombo chao cha mawasiliano kilikuwa barua, yaani wino, kipande cha mafunjo, na mtu wa kutembea nayo siku nyingi njiani. Mtume Paulo aliandika barua ambazo tunazisoma kanisani hadi leo. Lakini fungueni Waraka wa Pili wa Yohana, mfupi kiasi kwamba utaumaliza kabla chai haijapoa. Mwandishi anafunga kwa kueleza kwamba anayo mengi zaidi, ila ameyaweka hadi siku atakapowafikia wasomaji wake na kuonana nao. Shikeni hilo, kwa maana ndilo nguzo ya hadithi yangu. Mtu huyu hakuidharau barua. Aliitumia, na papo hapo alijua kwamba haimtoshi.

Sasa turudi kwetu Bonde la Ufa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu. Wamishonari wa Africa Inland Mission wakajenga kituo chao Kijabe, kwenye ukingo wa bonde, mahali reli ilipopita, na hapo wakaweka mtambo wa kuchapa vitabu. Agano Jipya la Kikuyu likatoka mwaka 1926, na Biblia nzima kwa lugha hiyo mwaka 1951. Mkulima aliyezoea kusomewa na mhubiri akaweza kusoma mwenyewe, jioni, nyumbani kwake. Baadaye ikaja redio, kisha televisheni, kisha simu ya mkononi. Kila chombo kilipofika, kanisa lilikipa kazi.

Lakini chombo hakichagui mzigo.

Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura. Matokeo ya urais yakabishaniwa, na machafuko yakazuka. Mwishoni mwa Januari 2008 yakafika Nakuru na Naivasha. Watu waliokuwa wakinunua maziwa kwenye kioski kimoja wakaanza kuulizana kabila. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ambako familia huenda kutazama ng'ombe wa maziwa na mashine za shambani, ukajaa mahema ya watu wasio na pa kurudi.

Tume ya Jaji Philip Waki ilipochunguza maafa hayo, ilieleza pia jinsi matangazo ya baadhi ya redio na meseji za simu yalivyoeneza chuki. Fikirini jambo hilo kwa makini. Meseji haiandikwi na simu. Iliandikwa na mtu, ikapokewa na mtu, naye akaipeleka kwa wengine kumi. Wengi wao Jumapili walikuwa wamekaa kanisani. Maneno yale wasingethubutu kumwambia mama wa jirani akiwa amesimama mbele yao na mtoto mgongoni. Kioo kidogo cha simu kiliwaondolea uso wake, na uso ulipoondoka, huruma ikaondoka pia.

Hapo ndipo imani ina neno la kusema. Mwalimu mmoja wa sheria alimuuliza Yesu jirani ni nani. Yesu akamsimulia habari za Msamaria, mtu wa kabila lililochukiwa, aliyesimama njiani, akamsogelea majeruhi na kumfunga vidonda. Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi yule, wakapita upande mwingine. Msamaria alikaribia, na kukaribia ndiko kulikomfanya jirani.

Leo Jimbo Katoliki la Nakuru lina kituo chake, Radio Amani. Mawimbi yaliyowahi kubeba matusi yanaweza kubeba sala na upatanisho, mradi anayeshika maikrofoni akumbuke kwamba upande wa pili kuna mtu.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na kabla mwezi haujaisha ibada za pamoja zikasimamishwa. Pasaka ya mwaka ule ilisherehekewa sebuleni, kwa redio, televisheni na simu. Sadaka ikatumwa kwa M-Pesa, ambayo Wakenya walikuwa wakiitumia tangu 2007. Mwezi Julai makanisa yakaruhusiwa kufunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 na walio juu ya 58 wabaki nyumbani. Yaani wewe na nyanya yako.

Simu iliwafaa sana waumini wakati ule, na ni haki kuishukuru. Iliwaletea mahubiri na nyimbo. Ila haikuweza kumega mkate wa meza ya Bwana, wala kumshika mkono mgonjwa, wala kukaa na waliofiwa usiku kucha.

Sasa akili unde inaandika barua, inatunga sala, hata inaiga sauti ya mtu. Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza mapema kwamba akili unde ni miongoni mwa sababu za kuchagua jina lake, kwa kuwa Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika mwaka 1891 kutetea wafanyakazi katika zama za viwanda. Septemba 2025 Papa Leo wa Kumi na Nne alimtangaza mtakatifu kijana Carlo Acutis, aliyekulia Italia na kufariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu. Carlo alipenda kompyuta, akatengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi. Kijana huyo huyo anakumbukwa Milan kwa kuwasaidia maskini waliolala barabarani. Kompyuta haikumfungia chumbani.

Basi, wanangu, msiogope vyombo. Jifunzeni namna vinavyofanya kazi, vitumieni, hata mvitengeneze wenyewe. Ila kabla hujasambaza ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, jiulize kama ungeyasema maneno hayo huku ukimtazama unayemtaja. Ikiwa hungeweza, ufute. Na kama rafiki yako anaugua kule mtaa wa Free Area nawe uko mtaa wa Section 58, mtumie meseji ya kumpa pole, kisha umwombe mzazi akupeleke ukamwone. Meseji itatangulia, nawe ufuate.